Baraza na Tingatinga

Ubao wenyewe huwa mdogo. Umefungwa kwa waya kwenye ua wa mabati, na maandishi yake yamebanana hivi kwamba dereva anayepita hawezi kuyasoma. Unasema kuwa mwenye ploti ameomba kibali cha kubadilisha matumizi ya ardhi, kutoka nyumba ya familia moja hadi fleti za ghorofa kadhaa, na kwamba yeyote mwenye pingamizi aiandikie serikali ya kaunti. Katika mitaa ya Kileleshwa, Kilimani na Lavington, magharibi mwa Nairobi, mbao za namna hii zimetapakaa. Mlinzi wa lango la jirani huuona ubao huo kila siku, na yaya anayempeleka mtoto shuleni vilevile. Wanaousoma kwa makini ni mawakala wa ploti wanaonusa biashara, na wenye nyumba za jirani, ambao baadhi yao wana mawakili.

Ubao huo ni mojawapo ya milango michache ambayo Katiba ya 2010 hupitia ili kuingia katika ujenzi wa jiji. Ibara ya 10 imeutaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Ibara ya 174 inasema ugatuzi upo ili kuwapa watu uwezo wa kujitawala na kushiriki katika maamuzi yanayowahusu. Ibara ya 196 inalitaka bunge la kaunti lifanye kazi zake hadharani na kuuwezesha umma kushiriki. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 ikayarudia hayo kwa kirefu. Mkenya, basi, ana haki ya kuulizwa. Lakini sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019 ina kipimo chake: ombi la kibali likikaa siku 60 bila jibu la maandishi, linahesabiwa limekubaliwa. Aliyeandika kifungu hicho alikuwa akimfikiria mjenzi aliyechoka kuzungushwa kutoka ofisi hadi ofisi huku benki ikimdai riba, naye mjenzi huyo yupo kweli.

Wanasiasa wa kaunti hupenda kuyaeleza mambo haya kama mvutano wa pande mbili: upande mmoja wananchi na sauti zao, upande wa pili maendeleo na kasi yake. Gavana akiwa kwenye kampeni husimama upande wa kwanza. Akishachaguliwa huhamia wa pili, hata kabla kiti hakijapata joto. Mimi naona mvutano huo umechorwa vibaya. Watu wa Nairobi huulizwa sana, tena mara nyingi, lakini huulizwa ploti kwa ploti, mambo yakiwa yamekwisha kuamuliwa. Kanuni zenyewe zinapotungwa, zile zinazoamua nani ataishi wapi na maji yatapita wapi, watu hawaitwi.

Tuanze na kanuni zilizopo na zilikotoka. Nairobi ilipangwa kwa rangi ya ngozi. Wazungu walipewa vilima vya magharibi na kaskazini, kwenye ploti kubwa zenye miti. Wahindi wakawekwa Parklands na Ngara. Waafrika wakasukumwa mashariki, kwenye udongo mweusi unaotuama maji, katika nyumba za halmashauri zilizokusudiwa mwanamume mmoja asiye na familia. Mpango mkuu wa 1948 uliandikwa waziwazi kwa ajili ya mji mkuu wa kikoloni. Uhuru ulipofika, ubaguzi wa rangi ukafutwa vitabuni, ila ukubwa wa ploti ukabaki. Mtu mweusi mwenye fedha aliweza kununua ekari nzima pale ambapo babake aliruhusiwa kuingia kama mpishi, na tangu siku hiyo naye akawa mlinzi wa ile kanuni ya ekari.

Mkakati wa ukuaji wa jiji wa 1973 uliishia mwaka 2000, na mpango mkuu mwingine, uliotayarishwa kwa msaada wa Wajapani, ukaja 2014. Kwa miaka hiyo yote katikati jiji lilikua kwa kasi bila ramani kuu iliyo hai. Ilibidi watu wategemee mwongozo wa kanda wa 2004, ambao kwa sehemu kubwa ya Kileleshwa na Kilimani uliruhusu fleti za ghorofa nne. Leo katika mitaa hiyo hiyo kuna majengo yanayozidi ghorofa 15. Wakazi wa zamani wanalalamika, na madai yao mengi ni ya kweli. Mabomba ya majitaka yaliyowekwa kwa ajili ya nyumba za chini hayawezi kubeba mzigo wa mnara. Maji ya mfereji huja siku chache kwa wiki, siku nyingine ni lori la maji. Jua la asubuhi limezibwa. Vyama vyao vya wakazi vimeandika barua, vimekwenda mbele ya kamati za rufaa, vimekwenda mahakamani, na mara kadhaa vimeshinda.

Ila angalia ni nani hayupo kwenye mashauri hayo. Yule karani anayepanda matatu mbili kila asubuhi kutoka Rongai, ambaye angefurahi kupata chumba kimoja na sebule Kilimani, hajui kwamba kuna ombi, wala hakuna anayemtafuta. Mpangaji wa fleti ambayo haijajengwa hana anwani, kwa hiyo hana barua ya pingamizi wala ya kuunga mkono. Kila ploti inapopimwa peke yake, sauti inayosikika ni ya aliyekwisha kufika. Anayetaka kuja hana kikao.

Jambo hili si la Nairobi pekee, na mahali lilipochunguzwa kwa kina zaidi ni Marekani. Wanasayansi watatu wa siasa wa Chuo Kikuu cha Boston, Katherine Einstein, David Glick na Maxwell Palmer, walipekua kumbukumbu za vikao vya mipango katika karibu miji 100 ya jimbo la Massachusetts, wakalinganisha majina ya waliosimama kusema na daftari la wapigakura. Wasemaji walikuwa wazee kuliko majirani wao, wengi wanaume, wengi wenye nyumba zao, wengi wakazi wa miaka mingi. Waliounga mkono nyumba mpya walikuwa kama asilimia 15 tu. Kikao kilichoundwa ili kumpa nguvu mwananchi wa kawaida kilikuwa kimempa nguvu mwenye nyumba mwenye nafasi ya kukaa ukumbini jioni ya Jumanne.

Kalifonia ilifika mbali zaidi. Sheria ya mazingira ya jimbo hilo ya 1970, iliyotiwa saini na Gavana Ronald Reagan, inampa karibu kila mtu njia ya kupinga mradi mahakamani kwa hoja kwamba athari zake hazikuchunguzwa vya kutosha. Mwaka 2023 mahakama ya rufaa iliamua kwamba Chuo Kikuu cha Kalifonia, kilichotaka kujenga mabweni Berkeley, kilipaswa kwanza kuchunguza kelele za sherehe za wanafunzi kama athari kwa mazingira. Ndiyo, kelele za wanafunzi zikawekwa fungu moja na moshi na majitaka. Bunge la jimbo likaona haya, likaibadilisha sheria mwaka huo huo, na mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ya jimbo ikakipa chuo ushindi. Kabla ya hapo, mwaka 2017, bunge hilo lilikuwa limepitisha sheria iliyoandikwa na seneta Scott Wiener: mji usiojenga nyumba za kutosha unalazimika kukubali miradi inayotimiza kanuni zilizokwisha kuandikwa, bila vikao vya kuijadili mmoja mmoja.

Nimewasikia wapangamiji wetu wakiitaja Kalifonia kwa husuda. Wanasema, tazameni, hata wao wamechoka na vikao, sisi tunang'ang'ania nini? Husuda hiyo inapita pembeni ya jambo moja. Kule karibu kila jengo hupitia mlango wa sheria, na ugomvi ni juu ya upana wa mlango. Kwetu sehemu kubwa ya jiji imejengwa kwa kuruka ukuta.

Nenda Pipeline, Embakasi, ukitaka kuona mji uliojengwa kwa kasi isiyo na kikao wala kanuni. Majengo ya ghorofa saba, nane, yamesimama bega kwa bega, vyumba vya mita tatu kwa tatu, na vichochoro ambamo jirani anaweza kumkopesha jirani chumvi kupitia dirishani bila kunyoosha mkono sana. Hapakuwa na siku 60 wala ubao kwenye ua wa mabati. Kulikuwa na chai. Njia ya mkato ambayo wapangamiji wetu wanaionea husuda imekuwepo miaka mingi, na bei yake inajulikana. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jengo la ghorofa sita liliporomoka katika mtaa wa Huruma na kuua watu wapatao 50. Lilikuwa limekwisha kutajwa miongoni mwa majengo ya kubomolewa, na bado lilikuwa limejaa wapangaji. Ni vigumu kumwambia mtu wa Huruma kwamba tatizo la jiji hili ni urasimu uliozidi.

Mahakama, kwa upande wao, zimejaribu kulipa neno la Katiba uzito. Mwaka 2014 Jaji George Odunga aliifuta sheria ya fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Kaunti ilikuwa imeweka tangazo gazetini, ikaona yatosha. Jaji akasema haitoshi. Ushirikishaji lazima uwe wa kweli, watu wafikiwe makanisani, misikitini, mahekaluni, kwenye mabaraza, kwenye redio za taifa na za lugha za mama. Hukumu hiyo imetajwa katika kesi nyingi tangu wakati huo. Kaunti nazo zikajifunza, ila zikajifunza upande wa makaratasi: orodha ya waliohudhuria, picha za ukumbi uliojaa, soda, nauli ya shilingi mia kadhaa. Mkutano ukawa stakabadhi ya kumwonyesha jaji.

Stakabadhi hiyo ilikataliwa Lamu. Kampuni ya Amu Power ilitaka kujenga mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 huko Kwasasi, bara ya Lamu, na mwaka 2016 Mamlaka ya Mazingira, NEMA, ikaupa leseni. Wavuvi na wakazi, chini ya shirika la Save Lamu, wakaipinga. Juni 2019 Jopo la Kitaifa la Mazingira likaifuta leseni ile. Mikutano ilifanyika, hilo halikukanwa. Shida ilikuwa wakati. Watu waliitwa kuuzungumzia mradi kabla ya ripoti ya athari zake kuwepo. Ripoti ilipotoka, na majivu, maji moto na moshi vikawa na tarakimu, hakuna aliyerudi kuwaeleza na kuwasikiliza inavyopasa. Walikuwa wameulizwa juu ya kitu ambacho hakikuwa na sura bado.

Lamu wananchi walifanikiwa kusema hapana. Hilo ni jambo kubwa, na pwani yetu ina sababu ya kulishukuru. Lakini kusema hapana ndiko kunakorahisishwa zaidi na sheria zetu za ushirikishaji. Sheria inampa mtu nafasi ya kupinga kilichokwisha kuchorwa na mwingine. Je, watu wanaweza kuchora? Na wakichora, kuna atakayengoja?

Mukuru ilijaribu. Mukuru ni jina la mitaa mitatu ya mabanda iliyolala kando ya Eneo la Viwanda, kusini-mashariki mwa Nairobi: Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani. Kaya zake zinapita 100,000. Wengi ni wapangaji. Wenye vibanda ni watu wengine, na mara nyingi hawaishi hapo. Chini ya hao wote kuna mwenye hati, maana ardhi hiyo iligawiwa watu binafsi na makampuni katika miaka ya 1980 na 1990 ili wajenge viwanda ambavyo sehemu kubwa havikujengwa. Kwa hiyo katika futi kumi kwa kumi za bati unaweza kukuta madai matatu: la anayelala, la anayekusanya kodi, na la mwenye karatasi iliyofungiwa kabatini, pengine imekwisha kuwekwa rehani benki.

Muungano wa Wanavijiji, vuguvugu lililozaliwa miaka ya 1990 kupinga ubomoaji wa mitaa ya mabanda, lilikuwa limejikita Mukuru kwa muda mrefu kupitia vikundi vya akiba. Likishirikiana na mashirika ya Akiba Mashinani, SDI Kenya na Katiba Institute, pamoja na vyuo vikuu vya Nairobi, Strathmore na Berkeley, lilianza kwa kuhesabu. Wakazi wenyewe walikwenda mlango kwa mlango: vyoo vingapi, mabomba mangapi, mtu analipa ngapi kwa mtungi. Matokeo yaliwaudhi hata waliodhani wanayajua. Mtu wa Mukuru alikuwa akilipia maji na stima bei ya juu kuliko mtu wa mtaa rasmi, kwa huduma mbovu zaidi, mkononi mwa wauzaji wa kinyemela. Umaskini ulikuwa na ushuru wake.

Kwa takwimu hizo mkononi, waliibana kaunti, na Agosti 2017 Kaunti ya Nairobi ikaitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango. Hapa naomba msomaji asiharakishe, kwa sababu kifungu cha sheria kinachoruhusu tangazo hilo ni cha ajabu kidogo. Kinafanya mambo mawili kwa mpigo. Kwanza kinasimamisha ujenzi mpya katika eneo zima hadi miaka miwili, ili mwenye hati asije na tingatinga wakati watu wanapanga. Pili kinafungua mlango wa kutofuata kanuni za kawaida za mipango, kwa kuwa eneo lenyewe si la kawaida. Yaani ni ngao dhidi ya haraka ya mwenye nguvu, na papo hapo ni kibali cha kulegeza masharti. Wale wanaodhani kwamba sauti ya wananchi na kanuni nyepesi haziwezi kukaa chungu kimoja wangekisoma kifungu hicho.

Kazi ya kupanga ikagawiwa makundi ya kitaalamu: nyumba, maji na majitaka, afya, elimu, uchukuzi, mazingira, fedha, sheria ya ardhi. Mashirika zaidi ya 40 yakashiriki. Utaalamu wa namna hiyo umepita mitaa mingi ya mabanda na kuacha nyuma ripoti zenye jalada zuri. Tofauti ya Mukuru ilikuwa kundi la kuwaandaa watu. Kaya kumi kumi za jirani ziliunda kijikundi. Vijikundi kumi vikaungana, na kutoka kila ngazi wakatoka wajumbe. Hakuna chifu aliyeitisha baraza la saa nne asubuhi siku ya kazi, ambalo mama anayefua nguo South B au kijana anayepanga foleni lango la kiwanda hawezi kulihudhuria. Mjumbe alikuwa mtu wa ploti yako, anayejua unarudi saa ngapi, na ukimkwepa leo utakutana naye kesho kwenye foleni ya maji.

Kisha wakafika kwenye barabara, na hapo kanuni zikagongana na watu. Vitabu vya mipango vya Kenya vinataka barabara za mitaa ziwe na upana wa mita tisa na kuendelea. Ukichora mita tisa juu ya Mukuru kila panapohitajika njia, unafuta maelfu ya nyumba. Mpangamiji mwaminifu kwa kitabu chake angesema hivyo ndivyo sheria ilivyo. Wakazi waliuliza swali jepesi: ni gari gani hilo mnalolitafutia njia? Wengi wetu tunatembea kwa miguu. Tunahitaji mkokoteni upite, bodaboda ipite, gari la wagonjwa lifike karibu, maji ya mvua yaondoke. Wakakubaliana juu ya njia chache pana na nyingi nyembamba za miguu, na kila kundi likajua ni vibanda vipi vitakavyosogezwa na kwa nini. Majitaka nayo yakafuata mantiki hiyo hiyo: mabomba membamba yasiyochimbiwa chini sana, yanayopita kati ya vibanda, badala ya mfereji mkuu unaodai barabara kubwa juu yake.

Huku ndiko kurahisisha kanuni ninakokuamini. Kanuni ililegezwa kwa ajili ya anayeishi chini yake, na ililegezwa na yeye mwenyewe, akijua anapoteza nini. Haikuwa amani tupu. Mwenye vibanda alihofia kodi yake. Mpangaji alihofia jambo ambalo mwenye vibanda alilitarajia, kwamba maji na njia nzuri vikija kodi itapanda. Maslahi hayo hayakulingana na hayajalingana hadi leo. Lakini angalau yalikaa chumba kimoja.

Halafu kasi ikaja, kutoka upande ambao hakuna aliyeutazamia. Februari 2020 Gavana Mike Sonko aliikabidhi serikali ya taifa majukumu makuu ya kaunti, yakiwemo mipango na uchukuzi. Mwezi uliofuata Rais Uhuru Kenyatta akamteua Meja Jenerali Mohammed Badi kuongoza Huduma za Jiji la Nairobi, NMS. Wapiganiaji wa ugatuzi walilia kwamba jiji limekabidhiwa wanajeshi, na kwa herufi ya Katiba walikuwa na hoja. Ila NMS ilipotafuta kazi ya kuonyesha upesi katika mitaa ya mabanda, Mukuru ilikuwa na kitu ambacho mitaa mingine haikuwa nacho: mipango iliyokwisha kujadiliwa hadi ngazi ya kaya kumi. Barabara zikawekwa lami. Visima vikachimbwa. Vituo vya afya vikajengwa. Mabomba yale membamba ya majitaka yakaanza kuchimbiwa. Katika muda usiofika miaka mitatu Mukuru ilipata huduma ambazo haikuzipata katika nusu karne.

Sijui mfano mwingine Nairobi unaoonyesha wazi hivyo kwamba majadiliano marefu yanaweza kuwa sababu ya ujenzi mfupi. Ofisi ya kijeshi, isiyo na subira ya baraza, ilikimbia kwa sababu wengine walikuwa wamekwisha kukaa barazani.

Ningependa kuiachia hadithi hapo. Lakini Oktoba 2021 tingatinga ziliingia Mukuru kwa Njenga kutengeneza njia ya barabara ya kuunganisha eneo hilo na upande wa uwanja wa ndege. Waliopoteza makao, kwa makadirio yaliyochapishwa wakati huo, walizidi watu 40,000. Wakazi walilalamika kwamba hawakupewa ilani ya kutosha, na kwamba ubomoaji ulivuka mipaka ya barabara yenyewe ukaingia katika ardhi inayodaiwa na kampuni binafsi. Familia zilikaa wiki kadhaa chini ya maturubai juu ya vifusi vya nyumba zao, mvua za vuli zikinyesha. Serikali ilikuwa ile ile, na mtaa ni mmoja wa mitatu iliyokuwa imepangwa kwa kaya kumi kumi.

Wapo wanaolitumia tukio hilo kusema kwamba ushirikishaji wa Mukuru ulikuwa maigizo. Mimi nalisoma kwa namna nyingine. Kusimamishwa kwa ujenzi kuna muda wake wa mwisho, na mpango ambao haukufungwa kwa nguvu ya sheria haumfungi mhandisi wa barabara kuu, ambaye bajeti yake inatoka kwingine na bosi wake hajawahi kukaa Mukuru. Maneno ya watu yaliheshimiwa pale yalipokwenda sambamba na mradi wa mkubwa. Yalipoupinga hayakuwa na meno. Kileleshwa mambo ni kinyume: hakuna mpango wowote uliokubaliwa na wakazi pamoja na wanaotaka kuwa wakazi, lakini kila barua ya pingamizi ina meno, mradi nyuma yake kuna wakili.

Ningekuwa na uwezo wa kubadilisha kitu kimoja katika sheria ya 2019, ningezisogeza pingamizi hizo zije mapema. Kila wadi iwe na mpango wake unaojadiliwa kwa undani wa Mukuru, kwa mwaka mzima ikibidi, Kilimani kama Viwandani, na katika vikao hivyo watafutwe pia wapangaji na wanaosafiri kila siku kuja kufanya kazi hapo. Mpango ukipitishwa na bunge la kaunti uwe sheria. Baada ya hapo anayejenga kwa kuufuata apate kibali chake ndani ya zile siku 60 bila kuombwa chai wala barua, na anayeuvuka asimamishwe hata kama ni wizara. Najua mwakilishi wadi ataniuliza atakula nini ikiwa kila kibali kitatoka bila kupita mkononi mwa mtu. Ni swali la haki kwa upande wake, na ndilo linaloeleza kwa nini mipango ya wadi haiandikwi.

Turudi Mukuru. Mei 2025 Rais William Ruto alikabidhi funguo za nyumba 1,080 za kwanza katika mtaa mpya wa fleti uliojengwa Mukuru chini ya mpango wa nyumba nafuu. Ni majengo imara, yenye maji na vyoo ndani, na ni vigumu kumlaumu mtu anayetoka kwenye bati akaingia humo akashukuru. Wanaotaka nyumba chini ya mpango huo hujiandikisha kwenye tovuti ya Boma Yangu, na Mkenya wa kaunti yoyote aliyetimiza masharti anaweza kujiandikisha. Lakini vijikundi vya kaya kumi ndivyo vilivyowajua waliolala Mukuru, kaya kwa kaya.  Nazo hati zilizotolewa miaka ya 1980 kwa ajili ya viwanda visivyojengwa, nyingi hazijafutwa.